Jinsi ya Kukagua Bunduki Kuukuu ya Marisau Kabla Hujailipia

Bunduki ya marisau, ile inayorusha vipira vidogo vingi kwa mpigo mmoja, ikitunzwa haizeeshwi na miaka. Inazeeshwa na kutu, uchafu na mikono ya mafundi wa kubahatisha. Ndiyo maana kwenye viwanja vya kulenga visahani vya udongo utawakuta watu wanashindana kwa bunduki zilizotengenezwa kabla hawajazaliwa, tena wanashinda. Lakini soko la mtumba lina kila namna. Ipo iliyopigwa kila mwisho wa wiki miaka nenda rudi na bado imekaza, na ipo iliyolala kabatini miaka thelathini huku mitutu ikiliwa kutu kwa ndani. Kwa macho tu, ya pili ndiyo itakayokuvutia.

Mwongozo huu una mpangilio mmoja: anza na kile kisichotengenezeka, malizia na kile ambacho fundi anakirekebisha kwa muda mfupi. Wanunuzi wengi hufanya kinyume chake. Wanapapasa nakshi, wanasifia mbao, wanafyatua triga mara mbili tatu (bila kuuliza), halafu mitutu wanaichungulia mwishoni kutimiza wajibu tu.

Suala la kibali limalize mapema. Sheria za umiliki hutofautiana kila nchi, na muuzaji asiyekuuliza karatasi ni wa kumkimbia. Namba ya bunduki kwenye hati ifanane na iliyochongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi.

Jua kwanza unaenda kulenga nini

Kisahani cha mashindano ya kimataifa kina kipenyo cha takriban milimita 110. Kukivunja hakuhitaji nguvu nyingi: kwenye trapu na skiti za Olimpiki risasi haziruhusiwi kuzidi gramu 24 za marisau, na michezo mingine mingi huishia gramu 28. Kwa hiyo huhitaji bunduki ya kuua tembo. Unahitaji bunduki nzito kiasi, iliyotulia, isiyokuumiza bega ukifika risasi ya mia. Geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ndiyo chaguo la kawaida, uzito kati ya kilo 3.4 na 3.8. Bunduki nyepesi za kuwindia ndege ni tamu kuzibeba porini, lakini uwanjani zinakupiga bega na zinasimama njiani wakati kisahani bado kinakwenda.

Kwa skiti, ambako visahani hupita karibu, mitutu ya sentimita 66 hadi 71 na choki (mbano wa ndani mdomoni mwa mtutu) zilizo wazi zinatosha. Kwa trapu, visahani vinakimbia mbali nawe huku vikipanda. Hapo watu hutumia sentimita 76 hadi 81, choki zilizobana, na kitako cha juu ili bunduki ipige juu kidogo ya pale unapolenga. Mchezo wa spotingi una visahani vya kila namna, na bunduki ya sentimita 76 yenye choki za robo na nusu inaumudu karibu wote.

Hapa kuna mtego. Bunduki kuukuu za trapu mara nyingi huuzwa rahisi kuliko ubora wake, kwa sababu wengi siku hizi wanataka za spotingi. Kama unataka trapu, hiyo ni bahati yako. Kama wewe ni mgeni unayetaka kujaribu kila kitu, bunduki inayopiga juu, yenye choki za robo tatu na kamili, itakuvunja moyo kwenye visahani vinavyoshuka.

Mitutu: kaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine

Omba ruhusa, ifungue bunduki, hakikisha chemba zote mbili, pale risasi zinapokaa, ni tupu, kisha toa mbao ya mbele na uchomoe mitutu. Usiichungulie bado. Chukua kitambaa kikavu kwenye fimbo ukipitishe ndani mpaka kitoke bila mafuta. Muuzaji mjanja hupaka mafuta ya kutosha, nayo hujaa kwenye vishimo vya kutu na kung'aa vizuri sana. Mitutu mikavu haidanganyi.

Sasa elekeza mtutu dirishani, si moja kwa moja kwenye taa, na uangalie ndani kutokea upande wa chemba. Utaona duara za mwanga na kivuli zinazofuatana kuelekea mdomoni. Zungusha mtutu taratibu. Duara zikibaki kamili, mtutu umenyooka. Duara ikivunjika upande mmoja, pale pamebonyea. Ukiona pete nyeusi imezunguka mtutu mzima, huo ni uvimbe: kuna siku risasi ilipigwa huku mtutu ukiwa na kizuizi, tope au kizibo cha plastiki kilichobaki ndani. Thibitisha kwa vidole. Papasa nje ya mtutu ukiwa umefumba macho, vidole vitasikia kilima ambacho macho yamekikosa.

Kubonyea kidogo fundi mzuri anakunyanyua. Uvimbe ni habari nyingine. Chuma kimeshavutika na kuwa chembamba, hata kikirudishwa umbo. Mimi sinunui bunduki yenye uvimbe, hata ikiwa ya jina kubwa kiasi gani.

Madoa meusi ndani huenda yakawa kutu, au mabaki ya plastiki na madini ya risasi yaliyoganda. Brashi ya shaba na kisafishio vitakupa jibu: mabaki yanatoka, vishimo vya kutu havitoki. Vishimo vidogo vichache karibu na mdomo si vya kuvunja mpango. Vishimo vyenye kina ndani ya chemba au mbele yake tu, ambako shinikizo ni kubwa kuliko kote, ni sababu ya kurudisha bunduki mezani na kuaga kwa heshima.

Nje angalia utepe wa chuma ulio juu ya mitutu. Umelehemiwa, na lehemu ikiachia, maji huingia chini na kutu inakula pasipoonekana. Gonga utepe kwa ukucha kuanzia nyuma hadi mbele. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa wa kitu chenye uwazi chini yake, lehemu imeachia pale. Kwa mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu kuna njia nyingine ya zamani: ining'inize kwenye kidole kwa ndoano yake na uigonge kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima inalia kama kengele. Iliyoachia inatoa mlio mfu.

Halafu pima urefu. Viwanda vingi vilitengeneza mitutu ya inchi kamili: sentimita 66, 71, 76, 81. Ukikuta urefu usioeleweka, au mdomoni kuna uwazi kati ya mitutu uliojazwa lehemu, huenda kuna mtu aliikata, na alipoikata choki ilikwenda na kipande kilichoanguka. Choki iliyobana inaweza kupanuliwa na fundi. Iliyo wazi haibani tena. Kwa hiyo kati ya bunduki mbili zenye choki zisizobadilishika, ile iliyobana zaidi inakuachia nafasi ya kurekebisha.

Tazama pia maandishi yaliyochongwa. Herufi zenye kingo laini zilizofifia zinasema chuma kilisuguliwa kabla ya kupakwa rangi upya. Rangi nyeusi mpya kwenye bunduki kuukuu si kosa lenyewe, ila inakulazimu uulize ilikuwa inaficha nini.

Mihuri chini ya mitutu

Geuza mitutu, angalia sehemu bapa karibu na chemba. Hapo ndipo ofisi za serikali au za vyama vya watengeneza bunduki zinazojaribu bunduki kwa risasi kali huweka mihuri: London na Birmingham kwa Uingereza, Liège kwa Ubelgiji, Gardone Val Trompia kwa Italia, Eibar kwa Hispania. Huhitaji kuikariri yote. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni urefu wa chemba. Bunduki za kisasa za geji 12 zina milimita 70 au 76. Za zamani, hasa za Uingereza, nyingi zina 65. Usijipime kwa kuingiza risasi ya 70 ukaona imekaa: urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Kabla ya kupigwa ni fupi, linaingia vizuri tu kwenye chemba ya 65. Likifyatuka, mdomo wake unafungukia kwenye sehemu nyembamba mbele ya chemba, na shinikizo linapanda. Risasi za 65 zipo, lakini si kila duka la uwanja linazo, kwa hiyo kwa kulenga visahani kila wiki tafuta chemba ya 70.

La pili ni kipenyo cha ndani, kama 18.4 au 18.5, kilichopigwa mhuri siku ya majaribio. Fundi akipima sentimita 23 kutoka nyuma na kukuta kimeongezeka zaidi ya milimita 0.2, maana yake mtutu umekwanguliwa ndani kuondoa kutu na ukuta umepungua. Uingereza, kuuza bunduki iliyotoka nje ya kipimo cha majaribio ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1868. Hata mahali ambapo sheria haisemi kitu, uso wako ndio utakaokuwa karibu na chuma hicho.

La tatu ni mwaka. Bunduki za Italia huwa na herufi mbili ndani ya kisanduku. AA ni 1975, na za kabla ya hapo hutumia namba za Kirumi. Za Ujerumani mara nyingi huwa na mwezi na mwaka. Muuzaji akikwambia "ya juzi tu hii," mhuri utamjibu kwa niaba yako. Italia pia huandika choki kwa nyota: nyota moja ni choki kamili, mbili robo tatu, tatu nusu, nne robo. Idadi ya nyota inapanda jinsi choki inavyofunguka, na watu wengi huisoma kinyume.

Kuhusu marisau ya chuma badala ya madini ya risasi: mambo yanabadilika, na Umoja wa Ulaya umeshapiga marufuku madini ya risasi kwenye maeneo oevu tangu Februari 2023. Bunduki yenye mhuri wa ua la yungiyungi ilijaribiwa kwa risasi kali za chuma. Isiyo nao, yenye choki zilizobana, usiitie chuma kabla fundi hajaiona. Mitutu ya zamani yenye michirizi kama mawimbi, ile ya chuma kilichosokotwa, iache kwa wakusanyaji.

Je, bado inafunga?

Rudisha mitutu kwenye mwili wa bunduki, lakini mbao ya mbele iache mezani. Hii ni muhimu, kwa sababu mbao hiyo ina chuma kinachovuta mitutu nyuma na kuficha ulegevu. Funga bunduki, shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, kisha jaribu kuicheza: juu na chini, kushoto na kulia. Iliyokaza haichezi kabisa. Ukisikia hata kugonga kidogo, inue kuelekea mwangani uangalie mpaka kati ya mitutu na uso wa mwili. Mstari wa mwanga hapo unaonyesha kwamba bawaba imelika.

Kisha tazama wenzo wa juu, ule unaousukuma kwa gumba kufungua. Bunduki mpya ikifungwa, wenzo hubaki kulia kidogo ya mstari wa katikati. Kadiri vyuma vinavyolika, unasogea katikati. Ukiwa umeshavuka kwenda kushoto, kazi inakusubiri.

Ulegevu si hukumu ya kifo, lakini gharama yake inategemea muundo. Kwenye Beretta za familia ya 680 (682, 686, 687), mitutu inaning'inia kwenye vijiti viwili vya pembeni vinavyobadilishwa, na inafungwa kwa pini mbili za umbo la koni. Fundi huweka pini kubwa kidogo na bunduki inakaza tena. Browning na Miroku zina pini pana ya bawaba inayopita chini ya mitutu, pamoja na ulimi bapa wa kufungia. Zinachukua muda mrefu mno kulegea, ila zikilegea kazi ni ya fundi anayejua. Ukikuta ndoano za mitutu zimegongwagongwa nyundo au kuna tone la kulehemu pale zinapokaa, kuna mtu aliikaza kwa njia ya mkato ili iuzike.

Kitako: bunduki nzuri isiyokutosha si yako

Kwanza uzima wake. Angalia ufa pale mbao inapokutana na chuma, nyuma ya mwili, na kwenye shingo. Mbao nyeusi iliyolowa mafuta mahali hapo imelainika kwa miaka ya kuhifadhiwa wima huku mafuta yakishuka. Browning za mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zina ugonjwa wake: baadhi ya mbao za mjozi zilikaushwa kwa chumvi, na chumvi hiyo inakula chuma kinachogusana nayo. Omba kufungua skrubu za pedi ya kitako. Zikitoka na kutu nene ilhali bunduki nyingine yote ni safi, fungua na sehemu zaidi kabla ya kusema lolote kuhusu bei.

Sasa mwili wako. Bunduki ikiwa tupu, tazama alama fulani ukutani, fumba macho, ilete bunduki begani kama unavyofanya uwanjani, kisha fumbua jicho lako la kulengea. Unapaswa kuona utepe wote umenyooka na shanga ya mbele katikati, bila kusogeza shavu. Ukiuona mgongo wa mwili umefunika utepe, kitako kiko chini mno kwako. Ukiona utepe mrefu kama barabara inayopanda, kiko juu. Rudia mpaka uache kujirekebisha bila kujua. Mwili una tabia ya kuisaidia bunduki unayoipenda.

Urefu wa kawaida kutoka triga hadi mwisho wa kitako ni kati ya sentimita 36 na 38. Kirefu hukatwa, kifupi huongezewa pedi nene zaidi, kwa hiyo usikatae bunduki kwa sentimita moja. Mchepuko ni mgumu zaidi: vitako vingi vimepindishwa kidogo kumfaa mtu wa mkono wa kulia. Ukitumia mkono wa kushoto, uliza mapema, maana mbao ya mjozi hupinda kwa joto lakini kwa kiasi fulani tu.

Triga, ejekta na mengine yanayotengenezeka

Tia risasi bandia, zile zenye springi, kwenye chemba zote mbili. Usifyatue bila hizo. Kila mtutu ufyatuke kwa uzito unaolingana, kati ya kilo moja na nusu na mbili hivi. Bunduki nyingi zenye triga moja hutegemea mshtuko wa risasi kuhamia mtutu wa pili. Ikikataa, gonga kitako kwa kiganja baada ya kufyatua mtutu wa kwanza, ndipo ujaribu wa pili. Wengi wamerudisha bunduki nzima dukani kwa kutokujua hilo. Funga usalama, vuta triga, fungua usalama bila kugusa triga: kitu kisilie. Ukifungua bunduki, ejekta zote mbili, zile zinazorusha maganda nje, ziruke kwa pamoja. Pini, springi na ejekta ni vitu vidogo, ila uliza kama vipuri bado vipo, kwa sababu kiwanda kilichofungwa huenda kikakufanya uchongeshe pini moja kwa mkono.

Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu alijifundishia ufundi humu ndani.

Nini cha kutafuta

Kwa mnunuzi wa kwanza ningempeleka kwenye Browning za Miroku au Beretta 680. Vipuri vipo, mafundi wanazijua, na bei haianguki ukitaka kuuza. Winchester 101 za Japani ni imara na mara nyingi huthaminiwa chini ya ubora wake. Baikal IZh-27 ni nzito, kavu, haina haya, na inavunja visahani. Triga zake hazitakufurahisha. Perazzi MX8, iliyobuniwa kwa ajili ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, triga yake inachomoka nzima na kubadilishwa uwanjani, lakini kwa bunduki hii kuukuu tenga fedha za matengenezo ya fundi aliyebobea, na springi zake bapa ni kawaida kubeba za akiba.

Semi-otomatiki kama Remington 1100 ya 1963 na kuendelea, au Beretta A303, hutumia gesi na humpunguzia mpigaji mshtuko. Nzuri kwa mwenye bega bovu. Kagua nyufa kwenye mbao ya mbele, ndio udhaifu wa zote mbili, na kwenye 1100 pete ya mpira iliyo kwenye bomba la risasi. Kumbuka tu kwamba viwanja hupenda bunduki ya kukunja, kwa kuwa kila mtu anaona kwa mbali kwamba iko tupu.

Kabla fedha haijabadili mikono

Omba kuipiga. Weka karatasi kubwa yenye alama katikati, simama mita 14.6 na upige kwa haraka kama unavyopiga kisahani, bila kulenga kwa utaratibu. Rudia hadi uone kundi la marisau linaangukia wapi. Kila sentimita 2.5 ya kupotoka kwa umbali huo ni takriban milimita 1.6 kwenye kitako. Likiangukia sentimita tano kushoto, unajua fundi atahitaji kupindisha milimita tatu, na unajua pia cha kumwambia muuzaji kuhusu bei. Mitutu miwili ikipiga mahali tofauti kabisa, hilo kitako hakitibu, irudishe.